Nyumba ya sapoti ya mdogo wangu Leicester, miaka mitatu ndani: nyota 3 na nusu

Nianze na ufunguo maana ndo ulionisukuma kuandika. Mdogo wangu ana ufunguo wake wa mlango, kaufunga kwenye kamba ya kijani na njano ya Yanga, akitoka anautia mfukoni akirudi anafungua mwenyewe. Kwa mtu mwingine hicho si kitu. Lakini huyu alikaa wodini, hospitali ya akili, miezi saba, mlango anafungua nesi anafunga nesi, hata kwenda kuvuta sigara mpaka usindikizwe, kwaiyo siku ya kwanza kupewa ule ufunguo aliufungua na kuufunga mlango kama mara kumi hivi, me nimesimama kwenye korido na mabegi mikononi nasubiri amalize.

Basi hii ni rivyu ya nyumba anayokaa. Kampuni siitaji, dogo bado anaishi pale na sitaki maneno, ila nimepigiwa sana simu na Wabongo wenzangu wa huku Uingereza, wa Reading, wa Milton Keynes, hadi mmoja wa Coventry ambaye kijana wake ana usonji na ametimiza miaka 18, wote wanauliza kitu kilekile, hizi nyumba zikoje, unamwachaje ndugu yako humo. Na cha ajabu wengi wetu tunafanya kazi humohumo. Tunaingia kwa shifti, tunasaini, tunatoka. Lakini ndugu yako akiwa ndani unaiona nyumba kwa jicho lingine kabisa, unaanza kusoma mpaka tarehe kwenye kopo la maziwa.

Kwa ufupi alifikaje pale. Aliugua akiwa na miaka 24, tukapoteza mwaka mzima tukidhani ni msongo, mara ni bangi, mara kule nyumbani wanasema ametupiwa jini, mwisho akapigwa sekshen 2, yaani kulazwa kwa lazima kisheria, zile siku 28, ikageuzwa sekshen 3 ya Mental Health Act ya 1983. Wakati wa kumtoa tukaitwa kikao, dokta, soshowaka yaani afisa ustawi, nesi wa jamii, na me. Swali likawa anaenda wapi. Kwangu ni vyumba viwili, watoto watatu, na nafanya usiku. Kea homu walinitajia nikakataa palepale, maana kule unakuwa mtu wa kutunzwa tu, chakula saa fulani kulala saa fulani, na benefiti zako zinakwenda kwenye ada unaachiwa kama pauni 30 hivi kwa wiki za sabuni na vocha. Kijana wa miaka 25 utamweka na wazee wa miaka 80 waangalie naye televisheni?

Ndo soshowaka akasema kuna hii kitu, wenyewe wanaita sapotedi livingi, sisi nyumbani tunaita nyumba ya sapoti. Tofauti yake kubwa ambayo hata me niliyefanya kea miaka nilikuwa siijui vizuri ni kwamba mle ndani mtu ni MPANGAJI. Ana mkataba wa nyumba wenye jina lake, alafu huduma ni mkataba mwingine pembeni. Kampuni ya huduma ikiboronga unaweza kuomba ibadilishwe na dogo akabaki na nyumba yake, angalau kwenye karatasi. Na ndo maana stafu hawana ruhusa ya kujiingilia tu, lazima wabishe hodi wasubiri. Hili la hodi lishikeni, nitalirudia.

Sasa kabla ya hii tulipelekwa kuona nyingine kwanza, mji wa jirani. Jamani. Nyumba ya kawaida ya familia imekatwakatwa vyumba saba, choo kimoja juu kimoja chini, godoro lina ramani, na kwenye ngazi kuna jamaa kakaa hana viatu na ilikuwa Januari. Nikauliza stafu wako wapi, yule aliyetutembeza akasema kuna mtu anapita kila wiki. Anapita! Kwa saa moja. Nikauliza hiyo saa moja anafanya nini, akasema anawaangalia kama wako salama na anachukua saini. Saini ndo yenyewe, maana nyumba ikishaitwa ya sapoti kodi yake inalipwa na Housing Benefit, msaada wa kodi wa serikali, bila ile dari ya kodi wanayowekewa wapangaji wengine, kwaiyo kuna wajanja wamegundua chumba kibovu kikiitwa cha sapoti kinalipa kuliko chumba kizuri cha kawaida. Birmingham ndo imelalamikiwa kuliko kwingine, hadi kamati ya bunge ikatoa ripoti Oktoba 2022, na Juni 2023 ikapitishwa sheria ya mbunge Bob Blackman ya kuzipa kaunsili, yaani halmashauri, meno ya kuzikagua. Meno yenyewe yanaota taratibu sana. Kwaiyo ukisikia neno sapoti usivuke barabara kwa furaha, uliza saa ngapi za sapoti kwa wiki na nani anazitoa.

Hii ya dogo ni jengo la flati sita. Kila mtu ana mlango wake, chumba, jiko dogo lenye plate mbili na ovena, bafu lake. Chini kuna ofisi ya stafu na sebule ya wote ambayo kiukweli hakuna anayekaa isipokuwa mzee mmoja wa Kijamaika na domino zake. Mchana wanakuwa stafu wawili, usiku mmoja analala palepale, akihitajika anaamshwa. Dogo kapangiwa saa 14 kwa wiki za mtu wake peke yake, na zile za kushirikiana na wenzake kwamba kuna mtu yupo ofisini ukikwama. Basi iko karibu, msikiti unatembea kwa dakika kumi, na ukishuka Belgrave Road kuna duka la mzee wa Kihindi aliyetoka Kampala 1972 kwenye lile timuatimua la Amin, anamsalimia dogo kwa Kiswahili, "kijana, habari ya leo," na anamkopesha unga. Hilo halimo kwenye kea plani ya mtu yeyote lakini me naona lina thamani kuliko saa tatu za sapoti.

Nyumba yenyewe ni safi, nilikagua mpaka nyuma ya choo. Kuta za karatasi lakini, jirani akikohoa unamwambia pole.

Sasa nije kwenye sapoti yenyewe, na nitaisimulia kwa ugali kwa sababu ndo nilipoelewa. Wiki ya pili nimekwenda Jumapili nikakuta dogo yuko jikoni na kii-waka wake, yaani yule stafu aliyepangiwa awe wa kwake, mama mmoja wa Kinigeria mtu mzima, amekaa kwenye stuli kakunja mikono. Dogo anapika ugali. Yaani anajaribu. Maji hayajachemka ye kashamwaga unga, mabonge kama kokoto, moshi huo, king'ora kikaanza kulia. Me mkono unaniwasha nimnyang'anye mwiko. Yule mama akanitazama tu akaniambia dada kaa. Akamuuliza dogo, king'ora kinalia tunafanya nini? Dogo kafikiria wee, kafungua dirisha. Tunafanya nini tena? Kazima moto. Alafu wakala ule ugali, nusu uji nusu mchanga, na yule mama akala pia, akatoa na hukumu kwamba eba ya kwao, ugali wa muhogo, ingeshinda hata ikiwa imeungua.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia mume wangu wale watu wavivu, wanalipwa wakae kwenye stuli. Miezi mitatu baadae dogo akanialika, ugali umesimama, dagaa wamekaangwa na nyanya, hata masufuria ameosha kabla hatujala. Nikakumbuka mimi nilivyokuwa namlea kabla hajalazwa, nampikia, namfulia, namchania nywele mtu mzima, na kila siku anazidi kulala. Siku ile kwenye stuli yule mama alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko yangu. Nyota tano kwake, tena za dhahabu.

Kwa upande wa hela watu huwa wananiuliza kwa aibu kidogo lakini ni swali la maana. Kwa sababu dogo alitokea sekshen 3, huduma ya baada ya hospitali ni bure kwake, kifungu cha 117 cha sheria ileile ya 1983, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, na kaunsili wanabeba. Hii ishikeni kwa mikono miwili maana kuna familia zinatumiwa bili kimakosa na zinalipa kwa woga. Asiyetokea sekshen ya namna hiyo anapimwa mapato yake na kaunsili chini ya Care Act ya 2014, na anaweza kuchangia. Kodi inalipwa na Housing Benefit, siyo Universal Credit, ile ruzuku ya kawaida ya wenye kipato kidogo, hata kama hela yake ya kula inatoka Universal Credit. Ila umeme, gesi na maji ya flati yake Housing Benefit haigusi, kwaiyo dogo anatoa pauni 22 kila wiki mfukoni, na miezi ya mwanzo hakuna aliyetuambia akajikuta na deni la pauni mia na kitu. Barua ilikuja kwa jina lake, akaificha chini ya godoro. Hilo ni kosa la ofisi, mtu katoka wodini juzi huwezi kumtupia bahasha ya madeni mlangoni ukasema umemjulisha.

Na kuna mtego mwingine. Kodi ya pale inapita pauni 250 kwa wiki. Dogo alitaka kazi godown, amepona vya kutosha, anaamka mwenyewe. Tukapiga hesabu na mtu wa ushauri, akaonekana akianza kupata mshahara wa maana Housing Benefit inaanza kumegwa, na kodi ya vile haiwezi kwa mshahara wa godown hata alale hukohuko kwenye maboksi. Kwaiyo anafanya saa chache Jumanne na Alhamisi kwenye duka la mitumba la hisani. Wanasema nyumba hii ni daraja la kwenda kujitegemea, sawa, ila daraja lenyewe upande wa pili wameweka geti.

Haya. Kilichokula nyota yangu moja na nusu.

Dogo anatumia klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili. Wanaoijua wanaijua, ni dawa ambayo ilimrudisha kwetu baada ya nyingine mbili kushindwa, lakini ina masharti kama mke wa pili. Wiki 18 za mwanzo alikuwa anatolewa damu kila wiki kuangalia seli nyeupe, baadae kila wiki mbili, baadae kila mwezi. Ukiacha sigara ghafla dawa inapanda mwilini, ukifunga choo ni hatari ya kweli siyo ya utani. Na sharti kubwa, ikipita zaidi ya saa 48 hujainywa, huwezi kuendelea na dozi uliyokuwa nayo. Unaanza upya na miligramu 12.5, unapanda ngazi tena kidogokidogo, wiki kadhaa, na kuna watu katikati ya hizo ngazi wanarudi wodini.

Dawa zake zinakaa kwenye kikabati ukutani jikoni kwake, ufunguo wa kikabati wanao stafu, anakunywa asubuhi na usiku stafu akishuhudia. Sawa. Mwaka wa pili yule mama wa Kinigeria akaondoka, kapata kazi NHS, na kaka wa Zimbabwe wa usiku naye kahama, ikaanza zama ya ejensi, stafu wa kukodi shifti kwa shifti. Kila wiki sura mpya. Watu wazuri wengine, siwasemi vibaya, me mwenyewe nimefanya ejensi najua unavyotupwa kwenye nyumba hujui hata swichi ya taa iko wapi, unapewa faili kubwa kama Biblia na dakika tano.

Jumamosi moja saa mbili usiku nikampigia dogo kama kawaida. Anajibu ndiyo, hapana, ndiyo. Me namjua sauti yake. Nikamuuliza umekunywa dawa? Akasema hawajaleta. Leo hawajaleta? Akasema na jana usiku. Nikahisi kitu kinashuka tumboni. Nikahesabu kwa vidole, ya mwisho alikunywa Ijumaa asubuhi saa tatu, hapo ni saa 35 zishapita. Nikapiga ofisini, yule dada wa ejensi sauti inatetemeka, anasema ufunguo wa kikabati hauonekani, aliyemkabidhi shifti hakumpa, alipiga namba ya meneja wa zamu haipokelewi, kwaiyo kaandika kwenye chati dawa haikupatikana. KAANDIKA. Yaani tangu Ijumaa usiku watu wawili wa zamu tofauti wameandika vizuri kabisa kwa kalamu nyeusi kwamba dawa haikupatikana, na kila mmoja akaenda zake.

Nikaacha mchuzi jikoni, nikaendesha na ndala. Njiani mume wangu anapiga 111, simu ya ushauri ya NHS, wakasema kwa kuwa hajafika 48 anywe ya usiku kama kawaida, asirudishie zilizopita. Nimefika nikapiga ile namba ya zamu mara tisa, ya kumi ikapokelewa, meneja kaja saa nne usiku na ufunguo wa akiba ambao ulikuwa kwenye droo ya ofisi nyingine kabisa, mtaa mwingine. Saa 37. Dogo kanywa mbele yetu, akalala. Me nikakaa garini nikalia, alafu nikapiga nyumbani kuuliza kama mtu alizima jiko. Hakuna aliyezima.

Jumatatu nikaandika lalamiko, kurasa mbili, saa kwa saa. Hapa niseme haki, walijibu. Meneja mkubwa akaja mwenyewe, hakunipa zile pole za kwenye karatasi, akasema tumekosa. Wakaripoti kaunsili kwenye kitengo cha kulinda watu wazima, kukawekwa kisanduku cha namba ukutani chenye ufunguo wa akiba, na ukurasa wa mbele wa faili la dogo saivi una maandishi mekundu makubwa, KLOZAPINI, SAA 48, PIGA SASA HIVI. Hiyo karatasi nyekundu ilitakiwa iwepo siku ya kwanza. Niliwapelekea CQC pia, wale wakaguzi wa huduma za afya na kea, ila mjue CQC hawatatui lalamiko la mtu mmojammoja, wanalichukua kama taarifa ya siku wakienda kukagua, ukitaka mtu wa kuamua na kampuni imeshakujibu hujaridhika unakwenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman. Na mjue tena kwamba kwenye hizi nyumba CQC wanakagua huduma ya mwili na dawa, jengo haliwahusu. Na kama nyumba haitoi huduma ya mwili kabisa, ni maneno ya sapoti tu, inaweza isiwe hata na usajili wao. Ile ya vyumba saba haikuwa nao.

Hilo la jengo kutokuwahusu tulilionja kwenye boila. Desemba, maji ya moto hamna siku kumi na moja. Kampuni ya huduma inasema ni la mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema stafu hawakutoa ripoti kwenye mfumo, stafu wanasema mfumo haufunguki. Mpangaji anaoga kwa birika. Ile faida ya mikataba miwili niliyoisifia juu huko, kwenye boila inageuka kuwa ndondo ya kupigiana pasi hakuna anayefunga.

Stafu wa kudumu wamerudi kidogo mwaka huu lakini wasiwasi upo. Viza ya kea iliyofunguliwa 2022 ndo iliyokuwa inajaza hizi nyumba watu kutoka Zimbabwe, Nigeria, India, na hata kwetu, 2024 wakakataza kuleta mke na watoto, Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri kutoka nje. Mshahara haujapanda wa kumvuta mzawa. Nani atakaa kwenye stuli aungulie ugali?

Jambo moja la Ramadhani alafu nimalizie la mama. Dogo alitaka kufunga, dokta wake akakubali mradi dawa asirukishe na maji anywe ya kutosha usiku. Stafu wa usiku kazi yake ni kulala, analipwa ile hela ya kulala ambayo Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishasema 2021 kwamba saa za usingizi hazihesabiwi kima cha chini, kwaiyo si hela ya maana. Kijana mmoja wa Kipolandi, Mkatoliki, mwezi mzima aliweka alamu yake mwenyewe, saa kumi usiku anagonga mlango wa dogo, hodi hodi, amka daku. Neno hodi kafundishwa na dogo. Idi tulimpelekea sahani ya pilau akauliza kama anaruhusiwa kupokea, ikabidi aandike kwenye daftari la zawadi: pilau, moja.

Mama sasa. Mama yuko Tanga, na kumweleza kwa simu ilikuwa mtihani. Mama, hayuko hospitali lakini hayuko kwangu. Kimya. Akasema kwahiyo mwenzio umemtoa kwa wazungu hawa ukampeleka kwa wazungu wale? Me nilikuwa sina la kujibu maana moyoni niliona ndo hivyohivyo, mtoto wa kwetu halelewi na serikali akiwa na ndugu. Tena sisi wa kea tumeonyeshwa mafunzoni ile video ya Winterbourne View, ile hospitali karibu na Bristol ambayo BBC waliingiza kamera ya siri 2011, wafanyakazi wanawapiga wagonjwa, kumi na moja wakahukumiwa. Ukishaiona ile kila stafu anayetabasamu unamwangalia mara mbili.

Aliyemtuliza mama ni mjomba, ye aliwahi kufanya kazi Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma. Akamwambia dada, hiyo ni kama Hombolo, unakumbuka nilikuwa nakwambia, kile kijiji cha waliotoka Mirembe, wanakaa, wanalima, wanapika, hawafungiwi, na Dar kulikuwa na Vikuruti ya Muhimbili hivyohivyo. Siyo kitu cha wazungu peke yao. Mama akauliza huko Leicester wanalima nini. Mjomba akasema fomu.

Akaja, mwaka jana kiangazi, viza ya matembezi, begi limejaa visheti na ubani. Tumefika mlangoni kwa dogo, mama kashika kitasa anataka kuingia. Kimefungwa. Stafu yule wa ofisini akatoka akasema kwa adabu tumbishie hodi atafungua. Nilimtafsiria, uso wa mama ukabadilika, akanambia me nabishaje hodi kwa mtoto niliyemzaa? Tukasimama pale. Ndani tunasikia bomba, vyombo, mtu anahangaika. Nikagonga me. Dogo akauliza nani, nikasema sisi. Akafungua, kavaa kanzu ilopigwa pasi, akashika mkono wa mama, shikamoo mama, karibu ndani, na samahani kwa viatu lakini vueni hapo. Kampa kiti. Chai ya hiliki kwenye chupa, vikombe vinne havifanani. Mama alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni wa kweli, kimya muda mrefu tu, alafu akaomba sukari zaidi.

Kwa anayekwenda kuangalia nyumba, msiende mchana wakati meneja kavaa tai, nendeni Jumamosi usiku mkaone nani yuko zamu na kama anajua jina la mtu wa flati namba tatu. Ulizeni stafu wa kudumu wangapi na ejensi wangapi kwa mwezi. Ulizeni boila ikifa anapigiwa nani, na mpewe namba, siyo maelezo. Ufunguo wa dawa uko wapi na wa pili uko wapi. Ombeni kuona mkataba wa upangaji kabla ya kusifia mapazia. Na kama ndugu yako hawezi kujisemea mwombeni mtetezi, kwenye tathmini ya kaunsili ni haki yake kama hana mtu wa kumsemea, haulipii.

Nyota 3 na nusu. Kabla ya ile Jumamosi zilikuwa nne na nusu. Nimeulizwa kama ningemhamisha, tulijadili baada ya ile ya dawa, nikamwambia dogo tunatafuta pengine, akasema ye hahami, mkataba una jina lake.

Juzi Alhamisi nilimwandikia kwamba nakuja Jumamosi na biriani, akajibu "dada usije jmosi nna mgeni". Mgeni gani, nikauliza. Amesoma, tiki mbili za bluu, mpaka leo hajanijibu.